Vitambaa Vinne

Daktari aliweka rula ndogo juu ya mkono wa binti yangu. Pale alipodondoshea tone la kupimia mzio wa paka na kuchoma ngozi kidogo, uvimbe ulikuwa milimita 6. Pale pa histamini, kemikali inayovimbisha ngozi hata ya asiye na mzio, milimita 5. Pale pa maji ya chumvi, yaliyowekwa kwa kulinganisha tu, hapakuwa na kitu. Zilikuwa zimepita dakika 15 tu. Mtoto hakuutazama mkono wake, alinitazama mimi. Alikuwa na miaka 9, na alikuwa akiomba paka tangu ana miaka 5.

"Kuanzia milimita 3 tunahesabu kuwa mzio upo," daktari alisema. "Ila kipimo hiki kinasema mwili wake unamjua paka. Hakisemi ataumwa kiasi gani akikaa na paka yupi."

Kisha akampima pumzi, akauliza kuhusu kikohozi cha usiku na kifua kubana akikimbia. Hakuwa na dalili za pumu. Angekuwa na pumu isiyotulia, mazungumzo ya paka yangeishia palepale, na mimi ningekubali. Kwa mtoto wa namna hiyo hakuna jaribio la kufanya nyumbani.

Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeipoteza kwenye majina ya aina za paka. Muuzaji mmoja alitusisitizia paka wa Sphynx, yule asiye na manyoya, akisema hana shida kwa mwenye mzio. Karibu tumchukue. Sikujua kwamba kinachosumbua si nywele bali protini iitwayo Fel d 1, inayotoka kwenye mate na kwenye tezi za mafuta za ngozi. Paka hujilamba, mate yanakauka, yanapukutika kuwa vumbi jepesi mno, na chembe nyingine ni ndogo kuliko mikromita 5, kiasi cha kuelea hewani kwa saa nyingi na kufika ndani ya mapafu. Sphynx naye ana mate, naye ana ngozi. Aina za Siberian na Balinese husifiwa sana, lakini ndani ya aina moja utakuta paka huyu anatoa protini hiyo mara nyingi zaidi ya mwenzake. Baada ya kulielewa hilo niliacha kutafuta aina, nikaanza kumtafuta paka mmoja ambaye mwili wa mwanangu ungeweza kuishi naye.

Tulikwenda kwa bibi mmoja aliyekuwa akilea paka waliookotwa hadi wapate wenyewe. Siku hiyo alikuwa nao sita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Haya, chagua rafiki."

Hapo tukafanya kosa la kwanza. Tulikaa sebuleni, juu ya makochi ya kitambaa na zulia nene, na paka wa kijivu akaja mwenyewe kumlalia mtoto mapajani. Dakika 12 hazikuisha akaanza kupiga chafya, macho yakamvimba. Nikaandika kwenye daftari: kijivu, hapana. Njiani nilitafakari nikaona nimemsingizia. Sebule ile ilikuwa imebeba vumbi la paka sita, pamoja na la wote waliopita kabla yao. Fel d 1 hunata kwenye vitambaa. Hata paka akihama, nyumba huchukua miezi kadhaa kusafika. Kumpima paka mmoja ndani ya nyumba ya paka sita ni sawa na kutafuta anayenong'ona katikati ya ngoma.

Nilimrudia daktari kwa simu, nikamweleza ninachotaka kujaribu. Alikubali kwa masharti matatu: dawa ya mzio iwe mkononi, jaribio lisimame mara kifua kikibana au pumzi ikianza kutoa mlio, na siku za jaribio asimeze dawa kabla, maana dawa ingeficha kile tunachokitafuta.

Nilichukua vitambaa vinne vipya vya pamba, nikavifua kwa maji ya moto, nikavikausha ndani. Vitatu nikampelekea bibi kila kimoja kwenye mfuko wake wa kufunga. Tulichagua paka watatu waliokuwa wapole kwa watoto: shume mmoja mkubwa ambaye alikuwa hajahasiwa, yule jike wa kijivu wa miaka 4 aliyekwisha fungwa uzazi, na paka mtoto wa wiki 10. Kila mmoja tulimsugua mara 20 mashavuni, shingoni na mgongoni. Mashavu na shingo ndiko protini ilikojaa zaidi, kwa hiyo ukisugua mgongo tu utadanganyika. Tulinawa mikono kati ya paka na paka. Kitambaa cha nne hakikugusa mnyama yeyote.

Baba yake aliandika namba kwenye mifuko, akaificha orodha. Mimi na mtoto hatukujua kipi ni cha nani. Kila kitambaa kilipata siku yake, na katikati tuliacha siku 3, kwa sababu mwili hauitiki mara moja tu: upo mwitikio wa dakika chache, na upo mwingine unaokuja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku. Mtoto alikishika kitambaa kwa dakika 10, akakigusisha shavuni, kisha kikawekwa kando ya mto wake kwa saa moja akisoma. Tuliandika alama kuanzia 0 hadi 3 kwa chafya, pua, macho, ngozi na kifua. Mara moja baada ya dakika 15, mara nyingine kabla ya kulala, na asubuhi.

Kwa namba 2, mtoto alijikuna macho mara tu alipokishika. Moyo ukanishuka. Baada ya dakika 5 hakukuwa na kitu, na usiku ulipita salama. Namba 4 ilitupa chafya 11 na mabaka shavuni. Tukakiondoa kabla ya muda, akanawa uso, akapewa dawa. Namba 1, pua iliwasha kidogo. Namba 3, chafya mbili, macho makavu, asubuhi sifuri kila safu.

Orodha ilipofunguliwa, namba 2 ndicho kitambaa kitupu. Woga peke yake ulikuwa umemkunisha macho, na bila kitambaa hicho tungemkatia paka fulani hukumu. Namba 4 alikuwa shume, na hilo lina sababu yake: madume wasiohasiwa hutoa Fel d 1 nyingi kuliko majike na kuliko madume waliohasiwa. Namba 1 alikuwa paka mtoto. Binti yangu alimtaka huyo, na nilimnyima. Paka mchanga hajafikia kiwango chake cha utu uzima. Unayempima leo siye utakayeishi naye mwakani. Paka mzima umeshamwona alivyo. Namba 3 alikuwa yule wa kijivu niliyemwandikia hapana.

Kabla hajaja, chumba cha mtoto kilifungwa kwa paka. Hilo halikuwa na mjadala, kwa sababu humo ndimo anamolala kwa muda wa saa 9 au 10 kila siku. Zulia liliondoka, mapazia mazito yakaondoka, chujio la hewa la HEPA, lile linalonasa vumbi dogo sana, likawekwa karibu na kitanda. Shuka na foronya zilifuliwa kila wiki kwa nyuzi 60. Sakafu tulipiga deki kwa kitambaa chenye maji, kwani fagio kavu hulirusha juu vumbi lililokwisha tua. Kumchana nywele na kusafisha sanduku la haja ikawa kazi ya baba. Kumwogesha hatukuhangaika nako: protini hupungua kwa siku chache tu kisha hurudi, na paka anateseka bure.

Kilichonigharimu zaidi ni kikao cha jioni ile na mtoto. Tulikubaliana wiki 4 za majaribio, na kwamba kifua kikibana hata mara moja paka anarudi kwa bibi siku hiyohiyo. Aliuliza kama paka atadhani amefukuzwa. Nikamwambia anakorudi anakujua, na anapendwa. Alikubali kwa kichwa, machozi yakimlenga.

Wiki ya kwanza alama za pua zilipanda hadi 2 kwa siku tatu. Chanzo kilikuwa sweta aliyoivaa akimbeba paka, kisha akaingia nayo chumbani na kuitupa kitandani. Tuliweka kapu la nguo nje ya mlango, akawa anabadilisha na kunawa hadi viwiko kabla ya kuingia. Siku ya 10 pua ilirudi kwenye 1. Kuanzia siku ya 17, safu ya usiku ilikuwa sifuri.

Siku ya 28 nilimpigia bibi. Aliniomba nimsomee daftari lote, siku moja baada ya nyingine, naye akawa anaitikia. Nilipomaliza akaniambia kwamba tundu la kumbebea paka wa kijivu alikuwa ameliacha pale mlangoni muda wote huo, limetandikwa taulo. Kisha nikasikia analiburuta kulirudisha stoo.