Viraka kwa Kura: Kumbukumbu ya Blanketi la Mabaki

Blanketi hili la viraka lina miraba 324, na hakuna hata mmoja niliouchagulia mahali pake. Kila mraba ulitolewa mfukoni bila kutazamwa, ukashonwa pale zamu yake ilipofika. Kwa mtu aliyezoea kutandaza vipande sakafuni, kuvihamisha, kuvirudisha na kuvihamisha tena mpaka kila rangi ipate jirani anayeipendeza, huo ni mtihani wa subira kuliko wa ushonaji. Ninaandika hapa jinsi kazi ilivyokwenda mpaka sasa, pamoja na hesabu ndogo iliyonituliza kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa kuhusu mabaki ya vitambaa.

Vipimo ni vyepesi. Kila kipande kimekatwa sentimita 10 kwa 10, mshono unachukua milimita 6 kila upande, na mraba ulioshonwa unabaki na sentimita 8.8. Safu 18 zenye miraba 18 kila moja zinatoa blanketi la sentimita 158.4 kila upande. Nimeigawa kazi katika vitalu 36 vyenye miraba tisa tisa, kwa sababu kitalu kidogo kinaweza kupimwa na kurekebishwa mapema, ilhali safu ndefu huficha kasoro zake mpaka siku ya kuunganishwa na safu nyingine.

Kabla ya kura

Kura haikupewa mamlaka juu ya kila kitu. Kabla ya kutia mkono mfukoni niliamua kwamba vitambaa vya giza na vya mwanga vitapishana blanketi zima kama ubao wa dama, yaani mraba wa giza utapakana na miraba ya mwanga kwa pande zake zote nne, na wa mwanga vivyo hivyo. Kilichoachiwa bahati ni kitambaa kipi cha giza na kipi cha mwanga kitakaa wapi. Naamini uamuzi huu ndio unaotenganisha blanketi la mabaki linalopendeza na rundo la vipande vilivyoshonwa pamoja, kwa kuwa mtu akisimama mbali huona kwanza mpishano wa giza na mwanga, na maua, mistari na madoadoa huyagundua baadaye anaposogea. Ukiushika mpishano huo kwa mkono thabiti, unaweza kuyaachia mengine yote yaende yatakavyo.

Nilitumia vitambaa 36, kumi na nane kwa kila upande, na kila kitambaa kilitoa miraba tisa. Kuvigawa ndiko kulikonichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nyekundu iliyokolea na kijani kilichokolea huonekana tofauti kabisa mezani, lakini ukizipiga picha kwa simu na kuiondoa rangi, huenda zote mbili zikageuka kijivu kilekile. Baadhi ya washonaji hutazama vitambaa kupitia plastiki nyekundu, na njia hiyo inafaa kwa rangi nyingi, ila huwa inadanganya kwenye nyekundu yenyewe, ambayo huonekana nyepesi kuliko ilivyo, na kwenye kijani, ambacho huonekana kizito zaidi. Picha isiyo na rangi niliiamini zaidi. Vitambaa vilivyokataa kuegemea upande wowote niliviweka kando, si kwa sababu ni vibaya, bali kwa sababu kitambaa cha katikati hubadilika kulingana na jirani yake, na katika mpango huu jirani hajulikani mpaka anapotoka mfukoni.

Vitambaa vyenye michoro mikubwa vilihitaji uangalizi wa pekee. Kitambaa kimoja chenye majani meusi juu ya uwanja wa rangi ya maziwa kikikatwa vipande vya sentimita 10 hutoa mraba mmoja wa giza tupu, mwingine wa mwanga tupu, na wa tatu uliogawanyika katikati. Kwa hiyo vitambaa vya namna hiyo havikugawiwa upande vikiwa vizima; nilivikata kwanza, kisha nikatumia tu vile vipande vilivyoangukia upande vilikohitajika.

Suala la kitambaa chenye kelele lilinisumbua kwa namna nyingine. Nilikuwa na manjano kali sana, ambayo kawaida yangu ingekuwa kuificha au kuitumia mara moja tu, kwa tahadhari. Nadhani tahadhari hiyo ndiyo inayoharibu. Manjano moja katikati ya miraba mia tatu na zaidi huwa shabaha, na kila anayelitazama blanketi hukwama hapo. Manjano tisa zilizotawanywa ovyo huwa sehemu ya mazungumzo. Ikaingia mfukoni na wenzake, miraba tisa kamili.

Mfuko

Ilibidi nijifunze kwamba kutikisa mfuko hakutoshi. Vipande vinapokatwa vikiwa vimepangana juu kwa juu, nyuzi za kingo hushikana, na kundi la vipande sita vya kitambaa kimoja linaweza kusafiri pamoja mfukoni kana kwamba ni kipande kimoja. Ukitoa kwa kura kutoka mfuko wa namna hiyo unapata matabaka, hupati bahati. Nilivitenganisha vyote kimoja kimoja, nikavitandaza kwenye beseni kubwa, nikavivuruga kwa mikono miwili, kisha nikavigawa katika mifuko miwili, wa giza na wa mwanga.

Jambo jingine ni vidole. Vidole vina macho yao: kitambaa kizito, chenye kukwaruza au chenye kuteleza hutambulika kwa kuguswa tu, na mkono wenye hamu utakipita na kutafuta kingine. Vitambaa vyangu vyote ni pamba ya uzito unaokaribiana, vimefuliwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, na hilo limepunguza ujanja. Sheria niliyojiwekea ni fupi: kilichotoka hakirudi.

Kushona

Hapa mpango wa ubao wa dama ulileta faida ya kiufundi. Kila mshono wa kwanza huunganisha mraba wa giza na wa mwanga, kwa hiyo ukipiga pasi daima ukiulaza mshono upande wa giza, mishono ya safu moja huelekea upande ulio kinyume na ile ya safu inayofuata. Safu mbili zinapowekwa uso kwa uso, mishono huingiliana na kukaa palepale, na pembe nne hukutana bila pini nyingi. Pia ukingo wa kitambaa cha giza hauonekani kupitia kitambaa chepesi, jambo ambalo lingetia michirizi kwenye miraba ya mwanga.

Kila kitalu nilikipima kabla ya kukiweka kando, nikitarajia sentimita 27.6, yaani 26.4 pamoja na nafasi ya mishono ya nje. Si ukali usio na sababu. Safu moja ya blanketi ina mishono 17. Kila mshono ukikosea kwa jumla ya milimita moja tu, safu inapungua au kuzidi kwa sentimita 1.7, na hapo safu mbili hazitaunganishwa bila kuvutwa. Usahihi wa mshono ndio unaoupa mpangilio wa kubahatisha heshima yake, kwa maana pembe zikikutana vizuri mtazamaji hukubali kwamba rangi zilizogongana ziligongana kwa ridhaa.

Hesabu ya ndugu

Vitalu vilipotandazwa kwa mara ya kwanza, jicho langu lilikimbilia moja kwa moja mahali ambapo vipande vya kitambaa kimoja, ambavyo katika kumbukumbu hii naviita ndugu, viligusana kwenye pembe. Kwa sababu ya mpishano wa giza na mwanga, ndugu hawawezi kupakana ubavu kwa ubavu, lakini wanaweza kukutana kwa hanamu. Nilivihesabu mara moja vikawa vingi kiasi cha kunifanya nishuku kwamba mfuko haukuchanganywa vizuri. Ndipo nikachukua karatasi.

Katika blanketi la miraba 18 kwa 18 kuna pembe za ndani 289, yaani 17 mara 17, na kila pembe inakutanisha miraba miwili ya giza na miwili ya mwanga. Maana yake kuna jozi 289 za giza zinazogusana kwa hanamu, na 289 za mwanga. Ukishika mraba wowote wa giza, miraba ya giza iliyobaki ni 161, na kati ya hiyo ndugu zake ni wanane. Uwezekano wa jirani fulani wa hanamu kuwa ndugu ni 8 kwa 161, karibu asilimia 5. Ukizidisha kwa jozi 289 unapata takriban 14. Ongeza upande wa mwanga, na matarajio ya blanketi zima ni jozi 28 au 29 za ndugu waliokutana. Idadi yangu ilikuwa karibu na hesabu hiyo.

Sijui kama naweza kueleza vya kutosha jinsi karatasi ile ilivyobadilisha namna ninavyotazama kazi hii. Nilichokuwa nikikiita bila mpangilio, katika mablanketi yangu ya zamani, kilikuwa mtawanyo sawia: kila kitambaa mbali na ndugu yake, kila rangi ikipata sehemu yake katika kila kona. Huo ni mpangilio mkali sana, unaodai kazi nyingi, na mtu aliyeuzoea akiiona bahati halisi huidhani imeharibika. Bahati halisi hukusanya. Ukirusha sarafu mara kumi, uwezekano wa kupata upande mmoja mara tatu au zaidi mfululizo unazidi asilimia 80, ingawa mtu akiombwa abuni matokeo kichwani huuepuka mfululizo huo kwa bidii. Blanketi la mfuko lisilo na ndugu hata mmoja aliyekutana na mwenzake lingekuwa ushahidi kwamba mtu alichungulia.

Niliruhusu hata hivyo marekebisho ya aina moja. Ndugu wawili wakae, lakini ndugu watatu kwenye mstari mmoja wa hanamu watenganishwe, kwa sababu watatu huchora mstari, na jicho likishapata mstari huanza kutafuta mwingine ambao haupo. Hesabu ileile inasema tukio hilo litarajiwe takriban mara moja katika blanketi lote. Lilitokea, kwa kijani chenye madoadoa, na nilikigeuza kitalu kimoja robo mzunguko tatizo likaisha. Kitalu cha miraba tisa kina faida hiyo: ukikizungusha, mpishano wa giza na mwanga haubadiliki hata kidogo, ila majirani hubadilika.

Wapo waliofanya haya kabla yetu kwa vifaa vingine. Ellsworth Kelly, mchoraji wa Marekani, alitengeneza mwaka 1951 kolaji, yaani picha za kubandika, za miraba ya karatasi ambazo rangi zake zilipangwa kwa bahati. Gerhard Richter, mchoraji wa Ujerumani, alibuni dirisha la Kanisa Kuu la Cologne, lililozinduliwa mwaka 2007, lenye miraba ya vioo katika rangi 72 ambazo nafasi zake kwa sehemu kubwa ziliamuliwa na kompyuta kwa kubahatisha. Hata hapo si kila kitu kiliachwa, maana rangi zenyewe zilichaguliwa na baadhi ya sehemu za dirisha hurudia nyingine kinyume, kama taswira katika kioo cha kujitazamia. Ukitazama picha za dirisha hilo utaona ndugu waliokutana.

Nisingependa kazi hii ichanganywe na mablanketi ya wanawake wa Gee's Bend, Alabama, ambayo yalioneshwa katika jumba la makumbusho la sanaa la Houston mwaka 2002 na baadaye katika miji mingine ya Marekani. Watu huyataja kila yanapozungumzwa mabaki na vipande vilivyokaa upande. Lakini yale ni matunda ya maamuzi: mshonaji anaona, anakata, anaongeza ukanda mwekundu kwa kuwa anautaka mwekundu hapo. Mfuko hauna macho ya namna hiyo. Ninayastahi yale mablanketi kiasi cha kukataa kuita bahati kile kilichokuwa akili ya mtu.

Hali ya sasa

Uso wa blanketi umekamilika. Nimeuweka juu ya pamba ya kujazia na kitambaa cha nyuma, ambavyo vyote nimeviacha vikubwa kwa sentimita 5 kila upande, na tabaka tatu zimepigwa bandi kwa mishono mirefu ya mkono kuanzia katikati kwenda kingoni. Mpango wangu wa awali ulikuwa kushona mistari ya hanamu kupitia pembe za miraba, ambayo ingekuwa na nafasi ya takriban sentimita 6 kati yake. Nimeuacha. Mistari hiyo ingepita katikati ya ndugu waliokutana na kuwaunganisha kwa uzi, ikitilia mkazo kile ambacho nataka kionekane kwa wakati wake. Nashona badala yake mistari ya wima yenye mawimbi hafifu, kwa uzi wa kijivu ambao haupendelei giza wala mwanga, na nusu ya kazi imeshafanyika.

Baada ya hapo itabaki kupiga ukingo. Mzunguko wa blanketi unahitaji ukanda wa takriban sentimita 660 pamoja na ziada ya pembe na viungo, nao utatokana na mabaki ya vitambaa vya giza peke yake, kwa kuwa ukingo ndio unaoshikwa zaidi na kuchafuka mapema. Vipande vyake vimekatwa kwa upana wa sentimita 6 na urefu usiolingana, vimetenganishwa kimoja kimoja, na vimo mfukoni.