Nilivyofuatilia asili ya jina «moja på tvoja»

Kabla ya kugusa asili ya neno la kigeni, mimi huanza na matamshi. Kwa Kinorwei j husomwa y na å hukaribia o, kwa hiyo hili hutamkwa «moya po tvoya». Halihusiani na moja yetu ya kuhesabia. Ndilo jina la pijini, yaani lugha rahisi ya mchanganyiko, ya wavuvi wa kaskazini mwa Norwei na Warusi wa Bahari Nyeupe, waliokuja na unga wakarudi na samaki. Wataalamu huiita russenorsk.

Nililigawa vipande vitatu. Kamusi ya Kirusi inasema moja ni «yangu» na tvoja ni «yako», kwa nomino za jinsia ya kike. Ukiishia hapo utapata «yangu kwa yako», na umekwama. Dawa ni kwenda kwenye sentensi zilizorekodiwa: «Kak sprek? Moje niet forsto», yaani, wasemaje? Mimi sielewi. Moje hapo, ambayo ni moja ileile, haimiliki kitu. Ndiye mtu mwenyewe asiyeelewa. Mrusi akiongea na Mrusi mwenzake, kwa «mimi» atasema ja. Basi jina lenyewe ni «mimi kwa yako», yaani naongea kwa lugha yako.

Kipande cha kati ndicho kigumu, na ndicho kitamu. Kinorwei kina på, «juu ya» au «kwenye». Kirusi kina po, na ndiyo inayotaja lugha: po-norvezhski, Kinorwei. Kwa sikio karibu ni sauti ileile, kila mmoja alisikia neno la kwao. Sioni sababu ya kuupa upande mmoja ushindi. Pijini ikaibebesha kazi zote: katika «På moja stova på Kristus spræk», nyumbani kwangu nasali, på ya kwanza ni -ni yetu, ya pili ni «na», kuongea na Kristo.

Kisha tarehe. Ushahidi wa kwanza wa pijini hii ni wa 1785. Baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917 biashara ikafa, nayo ikafifia. Olaf Broch, mtaalamu wa lugha wa Norwei, aliandika juu yake mwaka 1927.

Usisahau kupima kwa pijini nyingine. Ile ya Warusi na Wachina kule Kyakhta, mji wa biashara wa mpakani, nayo ilitumia moja na tvoja kwa «mimi» na «wewe». Naona huo ni ushahidi mzito kwamba Warusi walikuwa na namna yao ya kumrahisishia mgeni maneno, wakaja nayo Norwei tayari.