Umetoka Jumamosi

Neno la yule binti wa dirishani bado linanikereketa. Nilikwenda kuhuisha cheti cha AGPO, kile cha zabuni za serikali, asilimia 30 waliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Akatazama kitambulisho, akatazama kalenda ya ukutani, kisha akanitazama kwa huruma.

"Kaka, wewe umeshatoka kwa ujana."

"Nimetoka lini?"

"Jumamosi."

Nami nikajibu nini? "Ahsante." Majibu ya maana yakanijia nikiwa njiani. Jumamosi saa ngapi? Mama husema alinizaa baada ya magharibi, na kwetu jua likishazama siku nyingine imeingia. Basi hata hiyo tarehe ni ya karani, si ya Mama.

Nikaanza kupekua. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 260: kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajatimiza 35. Takwimu za Umoja wa Mataifa huishia 24. Kwa hesabu yao nilizeeka nikiwa bado natafuta karo. Sera ya vijana ya Tanzania ya 2007 inasema 15 hadi 35, yaani nikivuka mpaka wa Lunga Lunga, nikifika Horohoro nimerudi ujanani! Mke wangu, Mama Nasra, alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye ataomba kwa fungu la wanawake, lisilo na ukomo wa umri. "Mwanamke hatoki Jumamosi," akasema.

Zamani mwanafalsafa Eubulides wa Miletus aliwasumbua Wagiriki wenziwe na lundo la nafaka: ukilipunguza punje moja moja, ni punje ipi ikitoka ndipo si lundo tena? Watu hawajakubaliana hadi leo. Yangu mimi imeandikwa kwenye kompyuta ya serikali.

Halafu juzi tukamzika ami, na pale nje ya msikiti wazee wakaita, "Vijana, shikeni jeneza!" Nikashika. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho. Tangu hapo hasira imepoa. Kwani yule binti angefanyaje? Bila tarehe, kesho atamjia mtu wa miaka 50, ndevu kazitia hina, aape kuwa yeye ni kijana, na wala hatakuwa amesema uongo wote.

Zabuni ya kuchapa vitabu vya risiti ndiyo imekwenda hivyo.

Nasra naye siku hizi anasoma kitabu kikiwa karibu kugusa pua. Nataka nimpeleke akapimwe macho wiki hii, ila sijui pesa nitazitoa wapi kabla mteja wa kadi za harusi hajalipa.