Usifunue

Juzi kijana wangu wa darasa la tano alirudi shule na skafu yake ya skauti, akaniomba mkono ajifunzie kufunga jeraha. Akaufunga vizuri, fundo likakaa. Halafu akainua pembe ya kitambaa achungulie, kana kwamba chini yake kuna damu kweli. Nikamkemea mpaka akarudi nyuma: "Usifunue!"

Ndivyo Mjomba alivyonikemea mimi mwaka 1998, mwaka wa mvua za El Niño, kule Newala.

Tulikuwa tunafyeka chini ya mikorosho, mimi na yeye tu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mpini wa panga ulikuwa unateleza. Sikuona lilivyomponyoka. Nilisikia mlio kama wa kukata shina la muhogo, nikageuka, nikamkuta ameketi amekumbatia mguu chini ya goti. Damu ilikuwa inaruka, inatulia, inaruka tena, ikifuata mapigo ya moyo wake.

"Mpwangu, leta kanga."

Kanga ilikuwa imefunga chakula chetu. Nikaumwaga ugali wa muhogo chini, nikaikunja mara nne. Akaushika mkono wangu, akauweka penye jeraha. "Kandamiza. Kwa uzito wako wote, siyo kwa vidole." Akalala chali, mguu akaupandisha juu ya kichuguu. Nikakandamiza kwa viganja viwili, viwiko vimenyooka. Damu ilikuwa ya moto, na hilo sikulitarajia. Ilipenya kanga, ikaniingia katikati ya vidole, nikadhani nimeshindwa. Nikainua nione.

Ikaruka upya, ikanipiga shingoni.

"Usifunue! Ikilowa, ongeza nguo juu. Ile ya chini usiiguse. Damu inajishona yenyewe huko ndani, ukichungulia unaifumua."

Nikavua shati kwa mkono mmoja, nikalibandika juu ya kanga. Akaniamuru nihesabu mikorosho bila kuachia. Nilihesabu yote niliyoweza kuiona, nikaanza tena, na tena, mikono inatetemeka hadi mabegani. Yeye midomo ilikuwa imepauka, lakini kila niliponyamaza aliuliza, "Umefika ngapi?"

Jirani aliyesikia kelele akaja na ugoro na majivu ya kuweka kwenye kidonda. Mjomba akatikisa kichwa. Maji ya kuosha uchafu huo tungeyatoa wapi? Wa Newala mnajua, maji yetu yako bondeni, na kibuyu chetu kilibaki na matone tu.

Tulichana pindo la kanga, tukafunga juu ya vyote. Baiskeli, tope, zahanati, nyuzi kumi na moja, sindano ya pepopunda. Akapona, ila mguu ule aliuburuta kidogo mpaka mwisho wa maisha yake.

Kila aliposimulia kisa kile barazani alisema, "Mpwangu alikandamiza mpaka ikakata." Pale nilipofunua alipapita, kila mara, hata tukiwa wawili tu. Nami sikuwahi kumuuliza kama ule mguu ni kazi ya panga peke yake.

Jana usiku nilimwita kijana, nikampa mkono tena. Akafunga, akakandamiza, hakuchungulia. Baadaye akauliza, "Baba, sasa nitajuaje kama imekata?"

Nikamwambia aendelee kukandamiza, ahesabu.