Fundi Hakukosea

Jana usiku binti yangu alikuwa mezani anamalizia kazi ya baiolojia. Akaniuliza bila kuinua kichwa: "Mama, ribosomu huwa inakosea?"

Mara chache sana, nikamjibu. Kisha nikaenda jikoni nikasimama tu.

Nilikuwa kidato cha tano, nimerudi likizo. Mdogo wangu amelala ndani, siku ya tatu ya maumivu ya miguu na mgongo; hospitali tulishakwenda na kurudi. Mama yuko barazani kwenye cherehani, anashona sare za watoto wa watu, maana shule zilikaribia kufunguliwa. Nami nimejaa somo. Mwalimu alituandikia ubaoni GAG, chini yake GUG, akasema: hiyo ndiyo sikoseli.

Nikavuta kigoda. Nikamwambia mama kwamba ndani ya seli kuna mafundi maelfu kwa maelfu, wanaitwa ribosomu. Kila mmoja ana vipande viwili, kidogo cha kusoma maelekezo na kikubwa cha kuunganisha. Maelekezo yanapita katikati kama kitambaa chini ya sindano, yanasomwa herufi tatu tatu. Kila tatu zinaita asidi amino yake, yaani kipande cha kujengea protini, mpaka zifike tatu za kusema basi. Mnyororo wenye asidi amino 146, mmoja wa ile inayounda hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, unaisha kabla ya dakika moja. Wa mdogo wangu, nafasi ya sita, panapotakiwa asidi ya glutamiki inakaa valini. Ni herufi moja tu, A imekuwa U. Basi hemoglobini ikishaachia oksijeni inashikana yenyewe kwa yenyewe, chembe ya damu inapinda kama mundu, inaziba mishipa midogo, na mtoto analia usiku kucha.

"Kwa hiyo fundi hakukosea, mama. Ameshona vile vile alivyoandikiwa."

Nilidhani nampa faraja. Miaka yote ile upande wa baba walishasema mengi, mizimu, mkono wa mtu, na yote yalimwangukia yeye.

Mama akaondoa mguu kwenye kanyagio. Gurudumu likazunguka kidogo lenyewe, likasimama. Sindano ilibaki imezama kwenye kitambaa cha bluu. Alikuwa amebana pini midomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kanga, begani.

"Na hayo maandishi, kayatoa wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Nakala moja kwako, mama. Nyingine kwa baba."

Akautazama mlango wa chumba alicholala mwanawe. Akarekebisha kitambaa, akakanyaga tena, akashona mpaka giza likaingia bila kuniomba taa. Hatukulirudia suala hilo, si siku ile wala baadaye.

Mwaka 2009 Ramakrishnan, Steitz na Yonath walipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuichunguza ribosomu hadi kwenye atomu zake, niliikata ile habari gazetini nimpelekee. Nilifika kwake nayo mkobani, nikarudi nayo.

Leo asubuhi nimefungua daftari la binti yangu. Mada inayofuata ni urithi. Mimi ninayo nakala moja ya ile herufi, nilipima nikiwa na mimba yake. Yeye sijawahi kumpeleka.