Chini ya inchi moja kila fundi ana lake

Ukiangalia futi kamba upande wa inchi utaona vistari, kimoja kirefu katikati, vingine vifupi kidogo, halafu vinazidi kufupika mpaka macho yanachoka. Hiyo ni nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita, na rula za mafundi chuma zingine zinafika hadi 1/64, yaani kama milimita 0.4 tu. Sisi wa milimita tunapenda kuucheka huu mfumo ila tuseme ukweli, una akili yake: kugawa mara mbili hakuhitaji kifaa chochote, unakunja uzi katikati, unakunja tena, basi. Jaribu kuukunja upate vipande kumi sawasawa uone kazi yake.

Kasheshe ni kujumlisha. 3/8 na 5/16 jumla ngapi? 11/16, na najua umesita kwanza.

Kasheshe kubwa zaidi ni pale mifumo miwili inapokutana kwenye boksi moja la spana. Tangu 1959 inchi ni milimita 25.4 kamili, Marekani na Uingereza na wenzao walikubaliana hivyo. Sasa piga hesabu: spana ya milimita 19 inakaa vizuri tu kwenye nati ya inchi 3/4 maana 3/4 ni milimita 19.05, hata 8 na 5/16 wanaelewana. Lakini chukua 13 uivalishe nati ya nusu inchi, ambayo ni 12.7, hapo kuna uwazi wa 0.3, na kama nati imekaza kweli utaila kona zote ibaki duara halafu uanze kutafuta patasi. 14 kwenye 9/16 ndio haiingii kabisa, nati ni 14.29. Huo uwazi mdogo ambao kwa jicho huuoni ndio unaoamua kama leo utafungua au hufungui.

Kwenye mashine zenyewe, watu wa inchi wakishaona mambo yamekuwa serious wanaachana na habari za kukunja mbilimbili wanahamia kwenye elfu: thau, moja ya elfu ya inchi, maikroni 25.4, yaani milimita 0.0254. Unywele wa mtu una thau mbili mpaka nne hivi. Kwa hiyo hata wao walikubali desimali, ila kimyakimya.

Viatu sasa. Enzi za kati Uingereza walisema punje tatu za shayiri, kavu na nene, zikipangwa kwa urefu ni inchi moja. Unadhani hiyo ilishakufa? Wapi! Namba za viatu za Uingereza na Marekani mpaka leo zinapanda punje moja moja, theluthi ya inchi, milimita 8.47. Za Ulaya zinapanda theluthi mbili za sentimita, milimita 6.67, ndio maana zile chati za kubadilisha namba hazikai sawa hata siku moja, hatua zenyewe hazilingani, lazima mahali fulani mtu akadirie tu na wewe ndio kidole kiumie.

Wapiga chapa nao wana pointi yao, kipimo cha saizi ya herufi. Zamani ya Marekani ilikuwa kama milimita 0.351 na ile ya Didot huko Ufaransa 0.376, kompyuta zikaja zikamaliza ubishi kwa kuchukua 1/72 ya inchi kamili. Ila saizi 12 sio urefu wa herufi yenyewe, ni nafasi aliyopewa herufi akae, ndio maana fonti mbili za 12 moja inaweza kuonekana kubwa kuliko mwenzake.

Na hizo pointi 12 ni 1/6 ya inchi, milimita 4.23, nusu ya punje ya shayiri. Yaani ukitoka kiatu namba 8 ukaenda 8 na nusu, kalibu yake, lile umbo la mguu linaloshonewa kiatu, imeongezeka urefu wa mstari mmoja wa maandishi ya saizi 12.