Venye niliokoa sauti ya baba kwenye kaseti iliyoingia maji

Mama yetu ana sanduku la bati, yale ya bluu ya shule za bweni, lilinunuliwa Kamukunji hapa Nairobi wakati dada yangu mkubwa anaenda sekondari na alipomaliza shule mama akalichukua likawa lake. Humo ndio aliweka kila kitu cha maana: vyeti vya kuzaliwa, kadi zetu za kliniki, shuka ya harusi yake ambayo sijawahi kuona imetandikwa, picha, na kaseti mbili. Tukiwa watoto hatukua tunaruhusiwa kuligusa. Ukisikia ile kufuli inafunguliwa ulijua kuna mtu anaandikishwa shule ama kuna matanga.

Kaseti ni za baba. Baba alikua dereva wa malori ya masafa marefu, Mombasa mpaka Kampala, wakati mwingine anafika Kigali, na miaka ile ya tisini simu ya mkononi hakuna, sisi simu yetu ilikua ile ya kibanda ya kuweka sarafu na mara nyingi ilikua imeharibika. Barua hakupenda kuandika. Kwa hivyo akikwama kwa foleni ya malori pale mpakani Malaba siku mbili tatu, anaweka redio yake juu ya dashibodi, anafinya zile batani mbili pamoja, anaanza kuongea mpaka upande wa A unaisha. Halafu anampa dereva mwenzake anayeshuka, inaachwa Mlolongo kwa mama fulani wa hoteli, na mama yetu anapanda matatu kwenda kuichukua. Upande wa B ulikua wetu wa kujibu. Kaseti ikirudi kwake anarekodi juu yake tena, inaenda inarudi hivo hivo, ndio maana alipofariki 1997 zilibaki mbili tu.

Usiku mmoja wa matanga mama alicheza moja. Nakumbuka watu walinyamaza kabisa, hata wale wa karata nje. Hakufika mwisho, alizima akaitoa akaenda nayo chumbani, na mjomba akavunja vile vimeno viwili vya plastiki nyuma ya kila kaseti ili mtu asije akarekodi juu yake. Tangu hapo ilikua ni kufuli.

Sasa hapa lazima niseme kitu ambacho nimekaa nacho zaidi ya miaka 25. Mwaka wa 1998 nilikua na miaka 15, nilitaka kaseti ya kurekodi nyimbo za redio na sikua na pesa, mama akiwa sokoni nikachukua ufunguo chini ya godoro, nikatoa moja. Nilijua kabisa ni nini. Nikabandika selotepu pale mjomba alivunja, nikarekodi. Mama alipogundua hakunipiga, hakusema hata neno moja, alinyosha tu mkono nikampa, akairudisha kwa sanduku ikiwa na nyimbo zangu. Afadhali angenipiga.

Kwa hivyo Aprili 2024 venye mto Mathare ulivunja kingo na maji yakaingia kwa nyumba za chini, na dada akanipigia saa tisa usiku akisema wametoka na mama wako salama kwa kanisa lakini nyumba imejaa mpaka kiunoni, kitu ya kwanza nilishukuru Mungu na ya pili, nikiwa bado nimeshika simu, nikakumbuka sanduku. Watu zaidi ya 200 walikufa nchi nzima kwa mvua ile, najua, na mimi nilikua na mama yangu mzima. Lakini moyo hauulizi ruhusa. Niliketi kitandani huku Umoja mpaka kukapambazuka.

Tulilipata siku ya pili chini ya kitanda, limejaa tope kama uji. Hapo nilifanya makosa mawili na nayaandika ili mtu mwingine asiyarudie.

La kwanza ni picha. Nilizitandaza juu ya mabati kwa jua nikidhani nafanya haraka ya maana. Zikajikunja, na zile zilikua zimelaliana zikashikana zikawa kama kitu kimoja, ukivuta unabaki na karatasi nyeupe na uso wa mtu uko nyuma ya picha ingine. Nilipoteza kama 11 hivi kabla jirani mmoja ambaye amewahi kufanya kazi studio River Road aje anipigie kelele: rudisha kwa maji! Picha za kuoshwa zile za zamani zimetoka kwa maji, maji safi ya baridi hayaziui kwa muda mfupi, kinachoziua ni kukaukia pamoja. Tukaleta beseni, tukaziloweka kidogo, zikaanza kuachana zenyewe bila kuvutwa, tukasuuza tope bila kusugua tukazilaza uso juu kwa kitambaa cha pamba kivulini. Zile hatungemaliza siku hiyo tukaziweka kwa nailoni tukazipeleka kwa friza ya mama wa maziwa, juu ukizigandisha zinangoja mpaka upate nafasi. Ile ya Uhuru Park siku ya Krismasi, baba na suti ya kijivu na sisi wanne mbele yake tukishika soda, iko, pembe moja tu imeharibika.

La pili ndilo linaniuma. Kaseti ya baba nilipangusa nje, nikaona ndani kuna unyevu kidogo tu, nikakosa subira nikaingiza kwa redio ya jirani. Ilizunguka sekunde chache, sikusikia chochote ila mkwaruzo, halafu ikakazana na redio ikala kanda. Nilipofungua ilikua imetoka nje kama utumbo, imezunguka kile kigurudumu cha raba, imekunjamana. Nilitetemeka vibaya sana. Nilitoa pole pole na mikono yangu, dakika karibu 20, nikaacha hapo.

Nilizunguka Luthuli Avenue siku tatu. Vijana wa maduka ya chini wanauza televisheni na spika za bluetooth, ukiuliza kaseti wanakuangalia tu. Mwishowe mlinzi mmoja akanielekeza ghorofa ya tatu kwa mzee ambaye bado anatengeneza redio. Nikampa kaseti kwa mikono miwili. Akaigeuza geuza, akavaa miwani.

"Kijana yangu, hii imelala na tope?"

"Ndio mzee. Ni sauti ya baba yangu."

Hakujibu kitu, akasukuma kando redio aliyokua anashughulikia.

Kazi yenyewe ilikua hivi. Kaseti za kufungwa na skrubu tano ndogo ni bahati kubwa, zile zingine zimebandikwa moja kwa moja inabidi uzipasue, yetu ilikua ya skrubu. Alifungua na bisibisi ya saa, akatoa zile roda mbili na kanda yake, akaziweka kwa sahani ya yale maji safi ya kuongeza kwa betri ya gari, si asidi, yale maji yenyewe, kwa sababu yale ya mfereji yakikauka yanaacha alama. Akatikisa kidogo kidogo, akabadilisha maji mara nne mpaka yakatulia meupe. Halafu tukangoja. Siku mbili, bila jua, bila pasi, bila ile mashine ya kukausha nywele ambayo shemeji yangu alikua ameshatoa kwa begi, joto linanyosha kanda na sauti inaharibika moja kwa moja. Kava la zamani lilikua na tope na ile sponji ndogo ya kukandamiza kanda imetoka na spring yake imeshika kutu, akatafuta kaseti ya mahubiri ambayo haina mwenyewe, akatoa yake akaingiza yetu. Kisha akazungusha yote mara moja kwa biro ya Bic kama tulivyokua tunafanya zamani, kanda ikipita katikati ya kitambaa laini.

Ilipofika pale nilipoharibu, akasimama. Kipande kama cha sentimita kumi, kimekunjika kama karatasi ya peremende.

"Hii tunakata, tunaunganisha. Hautajua kama kulikua na kitu."

Nikamuuliza ni muda gani hapo. Akanieleza kwamba kaseti inatembea karibu sentimita tano kwa sekunde moja. Kwa hivyo kumi ni sekunde mbili.

Mtu atasema sekunde mbili ni nini. Mimi nilikua nimeshafuta dakika 30 za mtu yule na selotepu. Nikamwambia mzee samahani, usikate, hata kama itakwama, hata kama haitasikika. Aliniangalia, nadhani alitaka kubishana, halafu akalaza kile kipande juu ya glasi akaanza kukipapasa na kidole kilichofungwa kitambaa, kutoka katikati kwenda nje, kama mtu anampangusa mtoto machozi. Akakizungusha kikaze akasema kilale hivyo mpaka kesho.

Redio kaseti ya kuchezea niliinunua kwake, 2,500, akiwa ameibadilisha mkanda wa raba, juu ile ya zamani ikikaa miaka inakua kama lami, na akasafisha kile kichwa cha kusoma na pamba yenye spiriti. Alinionya kitu kimoja nikakishika: mara ya kwanza kucheza ndiyo mara ya kurekodi, usiseme nisikize kwanza, huenda kanda ina safari moja tu. Nikaunganisha waya kutoka kwa tundu la spika za masikio mpaka kwa laptopu, nikawasha Audacity, ile programu ya kurekodi sauti, nikafunga dirisha, nikazima simu. Saa sita usiku hivi ndio matatu za huku zinanyamaza.

Nikafinya.

Kwanza upepo. Halafu honi, lori linapita, mwanamke anatangaza mayai ya kuchemsha. Halafu kikohozi, na nikajua kikohozi hicho kabla hata ya sauti. Akamwita mama kwa jina la kifunguamimba wetu venye watu wa rika lao huitana, akamsalimia, akasema yuko Malaba siku ya tatu na nyanya za mwenzake zimeoza zote. Mimi nina miaka 42 sasa, baba alikufa akiwa na 41. Sikua nimejiandaa kusikia kijana.

Karibu na mwisho, pale mama hakufika usiku ule wa matanga, anataja watoto mmoja mmoja na kumwachia kila mtu neno. Dada aache kulia hesabu, amwulize mwalimu. Ndugu yangu asipande paa. Halafu jina langu, na kanda ikafika pale nilipoharibu. Sauti inazama, inarudi, inazama. Nasikia "…usiogope…" ama "…usingoje…", nimecheza zaidi ya mara mia na bado sijui. Dada anasema ni "usiogope". Kitinda mimba anaapa ni "usingoje". Mama alisikiza mara moja tu akasema yeye anajua alichosema lakini hiyo ni yangu, nitaisikia siku yangu.

Ile ingine ya nyimbo pia niliicheza yote. Nyimbo zangu zinaisha kabla upande haujaisha na nyuma yake zimebaki sekunde 40 za baba akiongea habari ya tairi. Hizo 40 nimeziweka faili yake peke yake.

Sasa upande wa B. Mimi nilidhani ni tupu. Nilirekodi tu kwa sababu mzee alisema rekodi zote, nikaenda jikoni kuchemsha chai, nikasikia watoto. Ni sisi. Kumbe mama alikua amejibu, halafu baba akafika nyumbani mwenyewe kabla kaseti haijaondoka na ikasahaulika. Maji yanamwagika kwa ndoo, mtu anapiga chapati juu ya meza, ndugu yangu analia anataka kuongea wa kwanza, na mimi, sauti nyembamba kama ya ndege, namwambia baba nimekua namba nne na aniletee matoke. Na kwa dakika ya tatu sauti ya mama inazama, inarudi, inazama, juu kanda ni ile ile moja, pale ambapo baba anaishia ndipo mama anaanzia, na sentimita kumi zile zilikua zimebeba wote wawili. Nilizima jiko nikakaa chini sakafuni.

Faili nimeweka nzima nzima kwa mfumo wa WAV, sikutuma kwa WhatsApp kama sauti ya kawaida kwa sababu inabanwa na inapungua. Flashi moja ni ya dada, ingine iko ushago kwa mjomba mbali na mto wowote, na ingine iko kwa intaneti. Kaseti yenyewe nimeirudisha kwa mama, kwa sanduku jipya la Kamukunji, liko juu ya kabati.

Jumapili tulienda kwake wote wanne, sasa anaishi kwa dada Kariobangi South. Upande wa A alisikiza akiwa ameshika mikono yake mwenyewe, hakulia, alikua anaitikia, "ehe", "ehe", kama mtu yuko kwa simu. Nilipogeuza upande wa B ile sauti ya msichana ikaanza kuongea haraka haraka akaniuliza, "Na huyu ni nani?"

Tukanyamaza. Dada ndiye alimwambia, "Ni wewe mama."

Akainama karibu na spika, akasikiza mpaka msichana akamaliza kueleza bei ya unga na karo na kwamba mvua imenyesha na paa haijavuja. Kisha akatuambia tuketi vizuri, turudishe mwanzo.